Kivuko kinapozama, je, tuseme "kazi ya Mungu haina makosa"?

#1 Mtoa mada

Ndugu wanajamvi, Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria kikiwa kimebakiza mita chache tu kufika gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Kilitokea Bugolora, upande wa Ukerewe, ambako ilikuwa siku ya gulio. Uwezo wake ulikuwa abiria 100. Waliokufa peke yao walizidi 220. Jumamosi yake wazamiaji walimtoa fundi mmoja akiwa hai ndani ya chombo kilichopinduka, kutoka sehemu iliyobaki na hewa karibu na injini, na watu wengi wakamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Katika misiba mikubwa ya namna hii, sisi Wakristo husema maneno mawili karibu kwa pumzi moja. Juu ya aliyeokolewa tunasema kwamba Mungu ni mwema, na juu ya waliokufa tunasema kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Sijaleta mada hii ili kumcheka anayesema hivyo, kwa maana mara nyingi husema akiwa na machozi. Naileta kwa sababu maneno hayo yakichukuliwa kama yalivyo yanadai jambo zito mno: kwamba kupinduka kwa kivuko kile kulikuwa kazi ya Mungu. Ikiwa ndivyo, aliyeruhusu chombo cha watu 100 kibebe zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo alikuwa akimtumikia Mungu, na anayedai uchunguzi ufanyike anashindana na Mungu. Hakuna mchungaji atakayekubali hitimisho hilo, lakini tunaendelea kutamka maneno yanayolizaa.

Msimamo wangu ni kwamba wema wa Mungu hautetewi kwa kuupa uovu jina jema, na kwamba Maandiko yenyewe yanakataza utetezi wa aina hiyo. Nabii Isaya aliwatamkia ole "wasemao kwamba uovu ni wema, na kwamba wema ni uovu", na sioni mahali alipowatoa wahubiri wa mazishini katika onyo hilo.

Injili ya Luka, sura ya 13, inatupa mfano unaokaribiana sana na wa Ukara. Watu walimletea Yesu habari za Wagalilaya ambao Pilato aliwaua wakiwa katika kutoa dhabihu, naye akaongeza habari ya watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Tukio la kwanza ni mauaji yaliyotendwa na mkono wa mtawala, na la pili ni ajali ya jengo. Yesu aliulizia yote mawili swali lile lile, kama waliokufa walikuwa wakosaji kuliko wenzao, na akalijibu yeye mwenyewe kwa kusema sivyo. Hakusema kwamba Baba aliuangusha mnara kwa kusudi fulani, wala hakutaja faida yoyote iliyopatikana kwa vifo vile. Aliwageukia walio hai na kuwaambia watubu, na hapo akaacha. Ukimya wake juu ya sababu ni fundisho kamili, ingawa sisi hatuuvumilii hata kwa nusu saa ya mahubiri.

Kisha kuna Ayubu. Maneno yake ya sura ya kwanza, "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa, jina la BWANA na libarikiwe", yamechapishwa kwenye ratiba za mazishi, kwenye fulana za waombolezaji na juu ya misalaba ya makaburi kutoka Kagera hadi Mtwara. Ni maneno ya imani kubwa, na siyapunguzi. Lakini kitabu kina sura 42. Kufika sura ya tatu mtu huyo huyo anailaani siku aliyozaliwa, na kwa sura nyingi zinazofuata anamdai Mungu amjibu, anamshitaki kwamba amemfanya shabaha ya mishale yake, na anatamani apatikane mwamuzi kati yao. Wakati huohuo marafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, wanasema mambo ambayo yangefaa sana katika mimbari zetu: Mungu ni mwenye haki, hakuna anayeteseka bure, nyenyekea naye atakurudishia. Ayubu anawauliza kama kweli watasema uongo ili kumtetea Mungu. Mwisho wa kitabu, Mungu mwenyewe anatoa hukumu, na hukumu hiyo inawaangukia watetezi wake: "hamkunena yaliyo sawa katika habari zangu, kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu." Aliyelalamika ndiye aliyesema sawa, na waliotetea wanaagizwa watoe sadaka ya kuteketezwa ili yeye awaombee.

Tutazame sasa kinachotendeka kwenye misiba yetu. Mama aliyefiwa na mtoto ameketi kwenye godoro chumbani, wanawake wamemzunguka, nje chini ya turubai vinasikika viti vya plastiki vikipangwa na kipaza sauti kikijaribiwa. Anapaza sauti na kuuliza, "Mungu, mwanangu alikukosea nini?" Kabla hajamaliza, mkono mmoja unamshika bega na sauti inamwambia, "Nyamaza mama, usikufuru, mshukuru Mungu." Aliyemnyamazisha anamtakia mema. Lakini amemnyang'anya sala ambayo Biblia ilimpa. Karibu theluthi ya Zaburi ni maombolezo, na Zaburi ya 88 humalizika gizani, bila neno moja la shukrani, na bado Israeli na Kanisa wameihifadhi kama neno la Mungu. Yesu mwenyewe, akiwa msalabani, aliomba kwa maneno ya Zaburi ya 22: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Kama swali hilo ni kufuru, basi tunaye Mwokozi aliyekufuru.

Naomba michango yenu, hasa ya wale wasiokubaliana nami.

#2 Mama wa Kwaya

Bwana Yesu asifiwe. Mtoa mada, nimekusoma hadi mwisho, na nitakujibu kama mtu aliyepita huko unakokueleza. Nilimzika mtoto wangu wa pili akiwa na umri wa miaka sita. Katika siku zile, maneno yaliyonishikilia nisianguke ni hayo hayo unayotaka tuyaache. Nilijiambia kwamba Mungu ndiye aliyetoa na Mungu ndiye aliyetwaa, na kwamba mwanangu hakuchukuliwa na mchawi, wala na mkosi, wala na bahati mbaya. Kama mtu angekuja kuniambia kwamba Mungu hakuhusika, ningebaki na dunia ambayo ndani yake mwanangu alipotea mikononi mwa hakuna mtu.

Zaidi ya hayo, Biblia haimwondoi Mungu katika mambo mazito kama unavyotaka wewe. Katika Isaya 45 anasema ndiye anayefanya suluhu na kuhuluku ubaya. Yesu anasema hata shomoro mmoja haanguki chini bila Baba kujua. Ukisema Mungu hakuzamisha kivuko, sawa, lakini ungemwambia nini mjane wa Ukara akikuuliza Mungu alikuwa wapi?

#3 Mtoa mada

Mama, pole sana kwa mwanao. Hoja yako inanigusa mahali pagumu kuliko zote, kwa hiyo nitajitahidi kuijibu kwa uangalifu.

Kwanza, kuna tofauti kubwa kati ya neno linalosemwa na aliyefiwa na neno hilo hilo linaposemwa kwa aliyefiwa. "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa" ni maneno ya Ayubu mwenyewe, mwenye makaburi kumi ya watoto wake. Yakitoka kinywani mwake ni ibada. Yangetoka kinywani mwa Elifazi, siku ile ile, yangekuwa ukatili. Hivyo ndivyo ilivyo pia kwa Yusufu. Aliwaambia ndugu zake, "Nanyi kweli mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema", na sisi hulirudia neno hilo mara kwa mara. Tunasahau kwamba aliyelisema ni yule aliyetupwa shimoni, na kwamba alilisema baada ya miaka mingi, akiwa tayari ameona njaa ikizuiwa na uhai wa wengi ukiokolewa. Fikiria kama ndugu zake wangelisema wao, wakiwa wameketi ukingoni mwa shimo wakila chakula, kama Mwanzo 37 inavyosimulia. Wewe, mama, una haki ya kusema ulilolisema juu ya mwanao. Mimi sina haki ya kukusemea.

Pili, angalia kwamba Yusufu hakusema "hamkukusudia mabaya." Uovu wa ndugu zake ulibaki kuwa uovu, na ukatajwa kwa jina lake usoni pao. Mungu alifanya kazi ndani ya jambo lile bila kuwa mtendaji wa uovu uliokuwamo. Hapo ndipo imani ya Kikristo juu ya maongozi ya Mungu inaposimama: hakuna kinachotokea nje ya mkono wake kwa namna ambayo hawezi kukikomboa, lakini si kila kinachotokea ndicho anachokipenda. Kama kila kinachotokea ndicho anachokipenda, Yesu hakuwa na sababu ya kutufundisha kuomba mapenzi yake yatimizwe hapa duniani kama huko mbinguni.

Tatu, kuna madhara ya kiroho katika kuyaita matendo ya wanadamu kazi ya Mungu, nayo ni kwamba msamaha hauwezekani tena. Mwezi Februari 1977 maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Idi Amin kulalamikia mauaji na unyanyasaji. Tarehe 16 ya mwezi huo Askofu Mkuu Janani Luwum alikamatwa na kuuawa, na serikali ikatangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, mmoja wa wana wa Uamsho wa Afrika Mashariki, alikimbia na mkewe usiku kwa miguu kuvuka milima hadi Rwanda. Baadaye alieleza hadharani jinsi alivyosumbuliwa na chuki moyoni mwake hadi alipoona, mbele ya msalaba, kwamba lazima amsamehe Amin. Hakusema kwamba kazi ya Mungu haina makosa, wala hakukubali uongo wa ajali. Alisamehe mauaji, na mtu hawezi kusamehe mauaji kabla hajayaita mauaji.

Kuhusu mjane wa Ukara, mimi nisingemweleza chochote katika siku zile. Akiniuliza Mungu alikuwa wapi, ningemwambia ninachoamini: kwamba Mungu hakuwa upande wa maji yaliyoua. Katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 15, Paulo anayaita mauti "adui wa mwisho." Huwezi kumwita mtu adui yako na wakati huohuo ukasema ni mjumbe uliyemtuma. Ndiyo maana Yesu alilia mbele ya kaburi la Lazaro ingawa alijua kwamba dakika chache baadaye angemwita atoke nje. Ujuzi wa ufufuo haukumkausha machozi, wala hakumwambia Martha kwamba kifo cha kaka yake kilikuwa baraka iliyojificha.

#4 Mdadisi

Mimi si muumini, ila nilisoma seminari kwa miaka kadhaa na ninaufahamu mjadala huu. Mtoa mada umejipa kazi rahisi kwa kuchagua kivuko kilichojazwa na watu wenye tamaa na uzembe. Hapo unaweza kusema kwamba mwanadamu ana hiari na ameitumia vibaya. Mimi nakuletea mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huo duniani. Mtoto huyu anaamka usiku akilia kwa maumivu ya mifupa, vidole vimevimba, mama anambeba kumpeleka hospitali, na hakuna mtu yeyote aliyemkosea. Chembe ya urithi iliyomletea maumivu hayo ndiyo hiyo hiyo inayomkinga kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali yule aliyeirithi kutoka kwa mzazi mmoja tu. Kinga ya mmoja ni mateso ya mwingine, na utaratibu huo umo ndani ya maumbile yenyewe.

Swali la kale linalohusishwa na Epikuro, mwanafalsafa wa Kiyunani, bado liko palepale. Kama Mungu anataka kuondoa uovu na hawezi, si muweza. Kama anaweza na hataki, si mwema. Kama anaweza na anataka, uovu watoka wapi? Usinijibu kwa Zaburi. Nijibu kwa hoja.

#5 Mtoa mada

Ndugu Mdadisi, nakushukuru kwa sababu umeliweka swali mahali pake pagumu, na mfano wa selimundu ni mkali kuliko mifano mingi inayotolewa vitabuni.

Kanisa limetoa majibu kadhaa kwa hoja, na nitayapitia yale ninayoyaona kuwa na uzito. Agostino, mwana wa Afrika aliyezaliwa Thagaste mwaka 354, katika nchi tunayoiita leo Algeria, alifundisha kwamba uovu si kitu kilichoumbwa, bali ni upungufu wa wema mahali ambapo wema ulipaswa kuwepo. Faida ya jibu lake ni kwamba linamzuia mtu kumfanya Mungu kuwa muumba wa uovu. Upungufu wake unauona wewe mwenyewe: mama aliyembeba mtoto usiku haoni upungufu, anaona maumivu. Kabla ya Agostino, katika karne ya pili, Ireneo wa Lyon alimtazama mwanadamu kama mtoto aliyeumbwa akiwa bado hajakomaa, anayekua kuelekea mfano wa Mungu, na watu wa nyakati zetu wamelipanua wazo hilo kwa kusema kwamba dunia isiyo na ugumu wowote isingeweza kukuza upendo, ujasiri wala huruma. Nalikubali kwa sehemu, lakini wapo watoto ambao mateso hayakuwakuza, yaliwaua. Mwanafalsafa Alvin Plantinga, katika miaka ya 1970, alionyesha kwamba hakuna mgongano wa kimantiki kati ya kuwepo kwa Mungu mwema na kuwepo kwa uovu, ikiwa viumbe wana hiari ya kweli, na wanafalsafa wengi, hata wasioamini, walikubali kwamba hoja ya mgongano wa kimantiki ilikuwa imedhoofika sana. Lakini kuonyesha kwamba jambo haligongani si sawa na kueleza kwa nini limetokea.

Jibu ninalolikataa kabisa ni lile la Leibniz, mwanafalsafa Mjerumani, aliyeandika mwaka 1710 kwamba dunia hii ndiyo bora kuliko zote zilizowezekana. Miaka 45 baadaye, asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa ya Lisbon, mji mkuu wa Ureno, yakiwa yamejaa waumini, tetemeko la ardhi liliubomoa mji, kisha mawimbi ya bahari yakaingia na moto ukawaka kwa siku kadhaa. Mwandishi Mfaransa Voltaire aliishambulia falsafa ile kwa hasira, na juu ya jambo hilo moja nadhani alikuwa karibu zaidi na Ayubu kuliko wachungaji waliotangaza kwamba Lisbon imeadhibiwa kwa dhambi zake.

Sasa nakuja kwenye selimundu. Paulo anasema katika Warumi 8 kwamba viumbe vyote vinaugua pamoja na vina utungu pamoja hata sasa. Haandiki juu ya maumbile yaliyokamilika na kutulia. Anaandika juu ya maumbile yaliyo katika uchungu wa kuzaa, yanayongojea kuwekwa huru. Mkristo hadai kwamba dunia ilivyo sasa ni tafsiri safi ya moyo wa Mungu. Tafsiri safi ya moyo wa Mungu, kwa mujibu wa imani yetu, ni Yesu, na Yesu alipokutana na wagonjwa hakumwambia hata mmoja wao aupokee ugonjwa wake kama zawadi na kurudi nao nyumbani. Aliwaponya, na wakati mwingine aliponya akiwa na hasira juu ya kile alichokiona. Kwa hiyo daktari anayemhudumia mtoto wako mwenye selimundu, na mtafiti anayetafuta tiba yake, wako upande wa Mungu dhidi ya ugonjwa, hata kama hawamtaji.

Utasema sijajibu kwa nini ugonjwa ulikuwepo tangu mwanzo. Ni kweli, na sitakupa jibu la kubuni, kwa sababu Mungu hakumpa Ayubu jibu hilo wakati aliposema naye kutoka katika upepo wa kisulisuli. Ninachoweza kukupa ni kile ambacho Epikuro hakukiweka katika hesabu yake. Swali lake lina Mungu anayetazama kutoka mbali, mwenye uwezo na nia, akiamua kuondoa au kutoondoa. Halina nafasi ya Mungu anayeingia. Mtaguso wa pili wa Konstantinopoli, mwaka 553, uliwalazimu Wakristo kukiri kwamba yule aliyesulubiwa katika mwili ni mmoja wa Utatu Mtakatifu. Ukilipima neno hilo, utaona kwamba Kanisa limekiri kifo cha msalaba kuwa jambo lililomfika Mungu mwenyewe katika ubinadamu alioutwaa.

Jürgen Moltmann, mwanatheolojia Mjerumani, alilijua jambo hili kwa njia ngumu. Julai 1943, akiwa na umri wa miaka 17, alikuwa katika kikosi cha mizinga ya kujihami wakati Hamburg ilipopigwa mabomu. Rafiki yake aliyesimama karibu naye aliuawa, yeye akabaki hai. Baadaye, akiwa mfungwa wa vita, alipewa Biblia, akasoma Zaburi za maombolezo na simulizi ya mateso katika Injili ya Marko, na katika kilio cha Yesu msalabani akamtambua mtu aliyemwelewa. Theolojia aliyoiandika miaka mingi baadaye ilitoka hapo. Wapo wanaodhani alikwenda mbali mno aliposema kwamba Baba naye aliteseka, na mabishano hayo ni halali. Lakini kiini chake ni cha mitume: Mungu hatoi maelezo ya mateso akiwa nje yake.

#6 Mlokole

Watumishi, nawasoma kwa mshangao. Mateso yote ni kazi ya shetani, na mwana wa Mungu hapaswi kuyapokea. Ugonjwa, umaskini na vifo vya ghafla katika familia vina mizizi yake katika laana za ukoo na madhabahu za mababu. Mtu akisimama katika imani na kukata laana hizo, anafunguliwa. Kuzungumza juu ya Mungu anayeteseka ni kuwafundisha watu kukata tamaa.

#7 Mtoa mada

Ndugu Mlokole, tunakubaliana kwamba ugonjwa na kifo ni adui. Tunatofautiana pale unaposema kwamba anayeteseka amekosa imani au hajakata laana, kwa maana hilo ni swali la wanafunzi katika Yohana 9, walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu: "ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake?" Yesu alilijibu, na jibu lake liliwaondolea mashitaka yote mawili, yule kipofu na wazazi wake pia. Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake na hakuondolewa. Katika Waraka wa Pili kwa Timotheo anaandika, bila aibu yoyote, kwamba amemwacha Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa. Mtume ambaye vitambaa vilivyogusa mwili wake viliponya watu Efeso alimwacha rafiki yake kitandani na kuendelea na safari, wala hakumlaumu kwa upungufu wa imani.

Fundisho lako lina gharama, na wanaoilipa ni maskini. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika mkutano wa injili wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Walikwenda pale kwa sababu walikuwa na mizigo ya kweli: wagonjwa nyumbani, biashara zilizokwama, ndoa zilizovunjika. Waliambiwa kwamba mlango wa kutoka katika mateso uko hatua chache mbele yao. Mama mwenye mtoto wa selimundu, baada ya maombi ya kufunguliwa yasiyoleta uponyaji, hurudi nyumbani na mizigo miwili, ugonjwa wa mwanawe na hatia isiyokuwa yake.

#8 Katekista

Tumsifu Yesu Kristo. Naongeza upande wa Kikatoliki, kwa sababu naona umeachwa. Sisi hatusemi tu kwamba Kristo aliteseka pamoja nasi. Tunasema pia kwamba mateso yetu yanaweza kuunganishwa na yake na kuwa na thamani, kama Mtume Paulo anavyowaandikia Wakolosai katika sura ya kwanza. Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyepigwa risasi tarehe 13 Mei 1981, aliandika barua nzima juu ya jambo hili tarehe 11 Februari 1984. Wagonjwa wetu wa muda mrefu parokiani hupata nguvu kubwa katika kutolea mateso yao. Na Katekisimu, katika namba 309, inafundisha kwamba hakuna sehemu yoyote ya ujumbe wa Kikristo ambayo kwa kiasi fulani si jibu kwa swali la uovu. Jibu ni historia yote ya wokovu, wala halipatikani katika sentensi moja.

#9 Mtoa mada

Katekista, nakubali na ninashukuru. Naomba tu fundisho hilo lilindwe na mpaka ambao nyakati nyingine huvukwa. Anayeweza kutolea mateso ni mwenye mateso. Mwanamke anayepigwa na mumewe na kuambiwa na wazee wa kanisa, "Vumilia, huo ndio msalaba wako", hajaalikwa kuyaunganisha mateso yake na ya Kristo. Ameamriwa kumlinda mkosaji. Mashahidi wa Namugongo walichomwa moto tarehe 3 Juni 1886 kwa sababu walikataa kuikana imani yao, na mlango wa kuikana ulikuwa wazi mbele yao hadi dakika ya mwisho. Msalaba wa Yesu nao ulichukuliwa kwa hiari, kwa maana alisema juu ya uhai wake kwamba hakuna mtu anayemwondolea, bali yeye anautoa mwenyewe. Kipigo hakifanani na hayo kwa lolote. Kanisa linalomheshimu Msulubiwa linapaswa kumtafutia mwanamke yule mahali salama pa kulala usiku huo huo.

#10 Mama wa Kwaya

Nimeyatafakari majibu yako. Lile la aliyefiwa na wanaomfariji nimelipokea, maana nakumbuka maneno niliyojiambia yalinisaidia, na maneno hayo hayo nilipoambiwa na jirani mmoja nilitamani aondoke chumbani. Ila sisi kwenye kwaya tunaitwa misibani karibu kila wiki. Tukifika, tufanye nini? Tuimbe nini? Watu wanatutazama wakitarajia neno.

#11 Mtoa mada

Mama, Elifazi na wenzake walifanya jambo moja jema kabla ya kuharibu. Waliketi chini pamoja na Ayubu siku saba, mchana na usiku, wala hakuna aliyemwambia neno, kwa maana waliona kwamba mashaka yake ni makuu mno. Utamaduni wetu unalijua jambo hili vizuri kuliko mahubiri yetu: watu wanalala msibani, wanawake wanapika, vijana wanachimba kaburi, jirani anakuja, anasema "pole" na kuketi. Hiyo ni huduma kamili, na kwaya ikifika mapema na kuketi kabla ya kuimba itakuwa imeanza vyema.

Mnapoimba, wekeni angalau wimbo mmoja wa kuomboleza usiokimbilia furaha katika ubeti wa pili. Mwombeni mchungaji asome Zaburi ya 13 au ya 88 yote, hadi mwisho wake, na asiongeze maelezo ya kuilainisha. Ufufuo utangazwe kwa nguvu zote, kwa sababu ndio tumaini letu, lakini utangazwe kama ushindi juu ya adui aliyetuumiza. Mama aliyefiwa akipaza sauti kumuuliza Mungu, mwacheni aulize, na anayemshika bega amshike bila kumnyamazisha. Pale ambapo kifo kimesababishwa na uzembe, kiwe kivuko, basi lililojaza au jengo lililoporomoka, sala za waumini zitaje jambo hilo waziwazi na kuwaombea viongozi watende haki, na wazee wa kanisa wasione haya kufuatilia ripoti ya uchunguzi baada ya arobaini kupita.

Kuhusu maneno ya Ayubu kwenye ratiba na fulana, kama familia yenyewe imeyachagua, yachapisheni. Kama ni kamati ya mazishi iliyoyaweka kwa mazoea, waulizeni wafiwa kwanza.